UZI: Kupima mawimbi ya ubongo kabla ya kuanza dawa ya TDAH ukubwani. Kuna faida hapa Lubumbashi?

Mwana_wa_Kalubwe (mwanzisha uzi)

Jambo wakubwa, jambo wadogo.

Nina miaka 36, nashika vitabu vya hesabu kwenye kampuni inayopeleka vifaa migodini Likasi na Kolwezi. Munganga wa akili alikaa nami, akamwita na mama mzazi aeleze nilivyokuwa shule ya msingi, mwisho akasema ni TDAH, ile hali ya akili kutotulia na kushindwa kuweka umakini (Kiingereza ADHD). Sibishani naye. Mama alipoanza kuhesabu madaftari niliyopoteza, hata munganga alicheka.

Kilichobaki ni dawa. Ameniandikia methilfenidati, ndiyo Ritalin mnayoisikia, nianze kidogo nipande polepole. Mafarmasi niliyopita mjini hawana. Njia ni ndugu wa Lusaka au wa Ubelgiji. Sasa kuna kliniki moja ya binafsi, jina naliacha, wanasema kwa dola 150 watanivalisha kofia ya waya, wapime umeme wa ubongo, na karatasi itakayotoka itasema dawa itanikubali au itanikataa. Binamu yangu wa Liège naye amesoma kwamba Ulaya wanafanya utafiti wa namna hiyo kwa watu wazima.

Nitoe hizo dola kwanza, au ninunue dawa moja kwa moja? Naomba wenye kujua.

Mama_BelAir

Dola 150 kwa karatasi! Nakaa hapa nisubiri majibu, maana nami nina mdogo wangu wa namna hiyo.

Mzizima_Daima

Salaam kutoka Dar. Huo ni utapeli mtupu ndugu yangu. Uzi ufungwe.

Fundi_wa_Mawimbi

Mzizima, pole pole, tusifunge. Mimi ndiye ninayewavalisha watu hiyo kofia hapa hapa Lubumbashi, wengi wao wagonjwa wa kifafa. Mashine naijua, na najua pia inapodanganya.

Kipimo chenyewe, EEG kwa kifupi, ni cha zamani. Hans Berger, Mjerumani wa Jena, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akautangaza 1929. Hadi leo mpango ni ule ule: elektrodi juu ya ngozi ya kichwa, kwa kawaida 19, zikipangwa kwa kupima kutoka juu ya pua hadi kisogoni na kutoka sikio hadi sikio. Tunachosoma ni makumi ya maikrovolti tu, yaani sehemu za milioni za volti moja. Umeme mdogo hivyo, kila kitu kinaufunika.

Mawimbi tunayagawa kwa kasi. Thita ni 4 hadi 8 kwa sekunde, huongezeka mtu akianza kusinzia. Alfa ni 8 hadi 13, hujitokeza kisogoni ukifumba macho bila kulala. Beta huanzia 13 hadi kama 30. Miaka ya 1990 wataalamu kadhaa walishikilia kwamba mwenye TDAH ana thita nyingi na beta haba, basi gawa moja kwa nyingine upate jibu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa kiitwacho NEBA kimsaidie daktari kutambua TDAH kwa watoto na vijana wa miaka 6 hadi 17. Kimsaidie, hakikuruhusiwa kukaa kwenye kiti chake. Mwaka huo huo Mholanzi Martijn Arns na wenzake walizikusanya tafiti pamoja wakaona ile tofauti kati ya wenye TDAH na wasio nayo inazidi kusinyaa kadiri tafiti mpya zinavyotoka. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa neva cha Marekani kikashauri uwiano huo usichukue nafasi ya uchunguzi wa kawaida.

Sasa njooni kitini pangu. Mama anafika na misuko mipya, mafuta yamejaa, ngozi siioni. Nachana njia kwa mkia wa kitana, nasugua kwa pasta ya chumvi, naangalia upinzani wa kila elektrodi hadi ushuke chini ya kiloomu 5. Hiyo peke yake inakula muda mrefu kuliko kupima kwenyewe, na asiyekuwa na subira anaanza kupima upinzani ukiwa bado juu. Mgonjwa akikaza taya, misuli inaandika palepale kwenye beta. Akipepesa macho, elektrodi za mbele zinaruka zote. Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, mstari wa hezi 50 unaingia kila mahali. Na yule aliyetoka zamu ya usiku mgodini, ukimwambia afumbe macho, hazipiti dakika nyingi ameanza kuzama. Thita inapanda. Programu haijui kwamba jamaa ana usingizi, inapiga hesabu yake na kutoa ukurasa wenye rangi nyekundu. Huo ukurasa ndio watu wanaouziwa.

Kwa hiyo Kalubwe, kwanza waulize hao watu: nani anasoma mawimbi yenyewe kabla ya programu? Wakikuonyesha rangi tu bila mistari, rudi nyumbani.

Kijana_Katuba

Ba yaya, aksanti. Miye niko ku Katuba. Swali yangu: hii mashine inaonaka kama mutu iko na TDAH ao iko tu muvivu? Juu baba yangu anasemaka niko muvivu.

Fundi_wa_Mawimbi

Hapana mdogo wangu. Mashine haijui uvivu, na peke yake haiijui TDAH. Ila kuna kitu inakijua vizuri sana: kifafa cha kuganda. Mtu anakodoa macho sekunde chache, hasikii, halafu anaendelea na sentensi kana kwamba hakuna kilichotokea. Walimu wanasema haweki akili darasani. Kwenye EEG unaona ncha na wimbi, ncha na wimbi, kama 3 kwa sekunde, huwezi kukosea. Ukiwa na hali ya kuganda hivyo, pima, tena haraka. Ya baba mpelekee munganga.

Daktari_Mdogo

Fundi amesema sawa, lakini mengi aliyoyasema ni ya kutambua ugonjwa. Mwenye uzi keshatambuliwa. Anachouliza ni kama ubongo unaweza kusema mapema dawa itamkubali. Hilo ni somo jingine, na lina watu makini ndani yake. Mzizima, si utapeli mtupu.

Methilfenidati hufanya kazi kwa kuziba pampu zinazorudisha dopamini na noradrenalini ndani ya seli, hivyo kemikali hizo, ambazo seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwazo, zinabaki nje kwa muda na kufanya kazi yake. Nora Volkow na wenzake walionyesha kwa picha za PET, yaani skani inayoonyesha kemikali ndani ya ubongo, miaka ya 1990, kwamba dozi za kawaida za kumeza huziba zaidi ya nusu ya pampu za dopamini. Karibu watu saba kati ya kumi wenye TDAH hupata nafuu kwa dawa ya kuchangamsha ya kwanza wanayojaribu. Wale watatu waliobaki ndio wanaotafutwa: tungewajua kabla, tungewaanzishia kitu kingine.

Watafiti wamepita njia mbili. Ya kwanza ni kupima mtu amekaa kimya. Hapo utafiti mkubwa ni iSPOT-A, matokeo ya EEG yalitoka 2018, watoto na vijana zaidi ya 300 waliopewa methilfenidati. Ule uwiano wa thita na beta haukutabiri lolote. Kilichojitokeza ni kasi ya alfa: wavulana balehe wenye alfa ya polepole hawakunufaika vizuri. Umeona jinsi kundi lilivyobanwa? Wavulana, balehe. Na wewe una miaka 36. Alfa ya mtoto hupanda kasi anavyokua hadi karibu 10 kwa sekunde ukubwani, halafu uzeeni hupungua tena. Mpaka uliowekwa kwa mvulana wa miaka 14 huwezi kuuvalisha mhasibu.

Njia ya pili ni kumpa mtu kazi wakati anapimwa. Kwenye skrini zinapita alama. Ukiona hii bonyeza, ukiona ile jizuie. Kama sehemu tatu za kumi za sekunde baada ya alama, ubongo hutoa wimbi linaloitwa P3. Kwa wengi wenye TDAH, wakubwa kwa watoto, wimbi la kujizuia huwa na kimo kidogo. Geir Ogrim wa Norway na Juri Kropotov wa Saint Petersburg wamechanganya vipimo vya namna hii na EEG ya kawaida kutabiri nani atanufaika na nani atasumbuliwa na madhara. Kuna pia mtindo wa kupima, kumpa mtu kidonge kimoja, kusubiri, kisha kupima tena uone wimbi limebadilika vipi. Binafsi huo ndio ninaouheshimu, maana unaipima dawa ndani ya mtu mwenyewe.

Kwa watu wazima walikuwepo pia Wajerumani wa Leipzig, kundi la Ulrich Hegerl. Wao hawakuangalia wimbi moja, waliangalia jinsi mtu anavyoshindwa kubaki macho akiachwa atulie kitini. Waliona watu wazima wenye TDAH huteleza kuelekea usingizini haraka kuliko wengine. Ndiyo maana nikisoma hadithi ya Fundi ya jamaa wa zamu ya usiku nilitabasamu: kinachomharibia Fundi kipimo, kule Leipzig ndicho walichokipima.

Mwanahesabu_Kampemba

Niachieni kidogo nipige hesabu, maana hakuna aliyeipiga.

Chukua watu wazima 100 wenye TDAH. Kwa maneno ya Daktari, 70 dawa itawakubali, 30 itawakataa. Tuseme kliniki ina kipimo kizuri sana, kinachopatia mara 80 kati ya 100 kwa kila upande. Namba hii naitoa kwa ukarimu, hakuna aliyenionyesha.

Kati ya wale 70, kipimo kitawaambia 56 ndiyo na 14 hapana. Kati ya wale 30, kitawaambia 24 hapana na 6 ndiyo. Jumla ya walioambiwa hapana ni 38, na 14 kati yao dawa ingewafaa kabisa. Zaidi ya theluthi moja wamefungiwa mlango kwa karatasi.

Angalieni na hili: mimi nikikaa kibarazani bila mashine na kumwambia kila mtu "ndiyo, itakukubali", nitapatia mara 70. Kipimo cha dola 150 kinapatia mara 80.

Mzizima_Daima

Hahaha, fungua kliniki ya kibaraza. Nami nitakuja.

Mwana_wa_Kalubwe

Mwanahesabu, nimekusoma mara mbili na hesabu zako zimekaa. Lakini kuna kitu mnakiruka wote. Huko Leipzig na Norway mtu anapewa dawa ya kujaribu mwezi huu, isipomfaa anarudi wiki ijayo anapewa nyingine, bima inalipa. Kwao kukosea ni bei rahisi. Hapa kujaribu kwenyewe ndio gharama. Kama kipimo kingekuwa cha kweli, sisi ndio tungekihitaji kuliko wao. Au nimepotea?

Daktari_Mdogo

Hujapotea. Na hiyo adha ya mafarmasi ina mizizi: WHO iliombwa kuingiza methilfenidati kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 ikakataa, ikaombwa tena 2021 ikakataa. Nchi nyingi zinaponunua huangalia orodha hiyo.

Mwanahesabu_Kampemba

Hoja yako ni nzito, nakubali. Thamani ya utabiri inapanda pale kujaribu kunapokuwa ghali. Basi tupe bei. Dawa ya mwezi mmoja inakufikia kwa kiasi gani?

Mwana_wa_Kalubwe

Kwa yule ndugu wa Lusaka, pamoja na cha kumpa dereva wa lori, karibu dola 90.

Mwanahesabu_Kampemba

Kipimo ni 150, kujaribu ni 90. Unataka kulipa 150 ili uokoe 90?

Mama_BelAir

😂😂 Mhasibu mzima!

Daktari_Mdogo

Mama, usimcheke, swali lake bado lina maana, ila kwa dawa nyingine. Methilfenidati ya kawaida inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na inakwisha baada ya saa tatu au nne. Ukimeza asubuhi, kufikia mchana umeshaanza kupata picha. Dozi sahihi inachukua wiki kadhaa kuipata, lakini jibu la kwanza linakuja mapema. Kutabiri kitu ambacho mchana utakiona mwenyewe hakuna haraka yoyote.

Atomoksetini ni kinyume. Hiyo hushughulika na noradrenalini tu, si ya kuchangamsha, na unaweza kusubiri wiki sita au zaidi kabla ya kujua kama imekukubali. Wiki hizo zote unalipa, tumbo linasumbua, na hujui. Hapo ndipo ningetamani kofia ya Fundi iwe na jibu. Ajabu ni kwamba tafiti nyingi zimemiminika kwenye methilfenidati, palepale ambapo mgonjwa anaweza kujijibu.

Mwenyeji_wa_Kadutu

Salamu kutoka Bukavu. Nathibitisha ya Daktari kuhusu atomoksetini. Mume wangu aliletewa na shemeji kutoka Ufaransa kwa sababu munganga hakutaka za kuchangamsha. Wiki za mwanzo ilikuwa kichefuchefu na kinywa kikavu, akataka kuziacha. Mimi ndiye niliyeona badiliko kabla yake: alianza kumaliza kusikiliza mtu kabla ya kujibu. Yeye mwenyewe mpaka leo anasema hakuona kitu.

Fundi_wa_Mawimbi

Hapo Mama wa Kadutu umesema jambo ambalo mashine yangu hailioni. Lakini Daktari, nikubishie kidogo. Unasema mgonjwa wa methilfenidati anajijibu mwenyewe mchana. Wengi hawajijibu. Mtu akimeza kitu cha kumchangamsha anajisikia mwepesi, anasema "imenikubali!", kumbe ni kama kahawa kali, kazi zake ziko vilevile. Mwingine anajisikia kawaida tu, anasema imemkataa, kumbe mkewe ameshangaa kuona bili zimelipwa. Ndiyo maana kipimo cha kabla na baada ya kidonge mimi sikidharau.

Daktari_Mdogo

Nakubali, nilirahisisha. Kujisikia si kipimo. Ila dawa ya hilo haihitaji kofia. Kuna karatasi ya WHO ya watu wazima, ASRS, maswali 18, bure kabisa. Kalubwe ajaze kabla ya kidonge cha kwanza, na mtu anayeishi naye ajaze ya kwake kumhusu yeye, bila kuangaliana. Warudie kila dozi inapopanda. Achague na vitu viwili vya kazini vinavyohesabika, kwa mfano faktura zilizofungwa kwa wiki na makosa aliyorudishiwa. Presha, mapigo ya moyo, uzito na usingizi viandikwe kwenye daftari hilohilo. Historia ya moyo, ya kuchanganyikiwa akili au ya ulevi aiseme kwa munganga mapema, hata kama anaona haya.

Mwana_wa_Kalubwe

Daftari nitampa mke wangu alitunze, mnajua kwa nini.

Basi nimeamua, kliniki naiacha. Leo jioni nampigia dereva alete kopo akivuka mpaka wa Kasumbalesa.

Daktari_Mdogo

Hapana! Usimpe dereva. Methilfenidati iko kwenye jedwali la pili la mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Inasafiri na mgonjwa mwenyewe, ndani ya kopo lake lenye jina lake, na ordonansi, karatasi ya dawa ya munganga, mkononi. Dereva akikamatwa nayo hana la kueleza, na wewe dola 90 zimekwenda. Mwone munganga wako akuandikie barua yenye jina la dawa, dozi na muda wa matumizi. Kabla hujapanda basi, uliza mamlaka za dawa pande zote mbili wanataka karatasi gani na wanaruhusu kiasi gani.

Mwana_wa_Kalubwe

Aksanti sana Daktari, dereva simpigii. Kesho naanza na munganga kwa hiyo barua.

Kijana_Katuba

Yaya Fundi, ile ya kuganda uliyosema, dada yangu mudogo anafanyaka vile, hata akiwa mu kula. Tunaweza kumuleta?

Fundi_wa_Mawimbi

Mleteni. Kwanza mpite kwa daktari awaandikie karatasi ya kipimo. Akiganda tena, mmoja wenu amchukue video kwa simu, mje nayo. Siku ya kuja aoshe nywele kwa sabuni, asipake mafuta, asisuke, na ale kama kawaida. Kama ana dawa anazotumia msimkatizie, mje nazo tuzione. Nimekutumia ujumbe faraghani nikuelekeze pa kufika.